Kurudisha giaboksi ya Hilux mwenyewe nyumbani: mwongozo kamili

Uharibifu mwingi wakati wa kurudisha giaboksi hutokea kwenye sentimita mbili za mwisho. Giaboksi imeshapanda, imeikaribia injini, mikono imechoka, na mtu akiona pengo dogo lililobaki anasema, "Hapo boliti zitamalizia." Boliti zitavuta, ndiyo. Lakini kilichokuwa kinazuia ndani ndicho kitakachovunjika: kitovu cha pleti ya klachi, paileti beringi inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, au sikio la belihauzi, lile ganda la mbele la giaboksi linalofungwa kwenye injini, ambalo ni la aluminiamu na halina uvumilivu. Kwa hiyo kanuni ya kazi nzima ni hii: giaboksi iingie kwa mikono mpaka igusane na injini pande zote, ndipo boliti zikazwe.

Mfano wangu ni Toyota Hilux ya dizeli inayovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, zile zenye injini ya 2L, 3L au 5L. Zimejaa mashambani na mijini kwetu, mkono wa gia umekaa juu ya giaboksi yenyewe, na silinda ya chini ya klachi iko nje, unaifikia bila taabu. Hilux ya 4x4 ina transfa, sanduku la kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, nyuma ya giaboksi, na mzigo unakuwa mkubwa mno kwa mtu mmoja au wawili walio chini ya gari. Hiyo ipeleke kwenye gereji yenye shimo na jeki ya giaboksi. Corolla na Vitz, zinazovuta mbele, zina mpangilio wao wa kushusha na kupandisha, ila yote nitakayosema kuhusu klachi na kuingiza shafti yanazihusu pia.

Nachukulia giaboksi iko chini tayari, na uliishusha kwa sababu ya klachi au sili iliyokuwa inavuja.

Mahali pa kazi

Sakafu ya zege ndiyo bora. Uani kwenye mchanga, kama nyumba nyingi za pwani zilivyo, usiweke stendi moja kwa moja ardhini. Tandika mbao nene, pana, chini ya kila stendi, kisha itikise gari kwa mikono kabla hujaingia chini yake. Stendi ziwe nne na zishike chesisi. Tofali la saruji halifai kabisa kushikilia gari: hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Jeki nayo ni ya kuinulia, si ya kumlinda mtu aliyelala chini. Weka mawe au kabari kwenye matairi, na utoe terminali hasi ya betri, kwa sababu waya mnene wa stata utakuwa unaning'inia karibu na chuma.

Urefu wa kuinua gari utaupata kwa kupima. Iweke giaboksi juu ya jeki iliyoshushwa kabisa, pima kutoka sakafuni mpaka sehemu ya juu ya belihauzi, kisha hakikisha chini ya gari pana nafasi zaidi ya hiyo. Wengi huinua gari, wakaja kugundua giaboksi haipiti chini ya chesisi.

Vifaa

Soketi za 12, 14 na 17, ekistensheni ndefu, na jointi ya kukunja soketi kwa ajili ya boliti za juu. Jeki ya magurudumu, na ya pili ndogo ya kubeba injini. Mkanda wa kufungia mzigo, kipande cha plaiwudi, spana ya toki ya kupimia nguvu ya kukaza, brashi ya waya, grisi ya joto kali, na dawa ya kusafishia breki. Chombo cha kusentia klachi, yaani cha kuiweka pleti katikati, huuzwa kwenye maduka ya spea, na mara nyingine huja pamoja na seti ya klachi. Ukikikosa, shafti ya kuingilia (ile ya mbele inayopita kwenye klachi) kutoka giaboksi mbovu ya aina ileile inafanya kazi vizuri kuliko chombo cha plastiki. Mafundi wengi wanayo moja kwenye sanduku, na ukiomba kwa heshima utaazimwa.

Tengeneza pia pini mbili za kuongozea. Nunua boliti mbili ndefu zenye uzi uleule wa boliti za belihauzi, zikate vichwa, na uchonge ufa mdogo kwenye ncha ili uzitoe kwa bisibisi. Ni kazi ya dakika chache, nayo itakuokolea mgongo.

Kabla ya kuinua chochote

Tazama nyuma ya injini. Kama sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, ina unyevu wa oili, ibadilishe sasa hivi. Vivyo hivyo sili ya shafti ya kuingilia kwenye giaboksi. Zote mbili ni bei ndogo ukilinganisha na kushusha giaboksi tena, na oili ikigusa pleti mpya ya klachi, pleti hiyo imekwisha.

Flaiwili, gurudumu zito lililofungwa mwisho wa krenki, iangalie kwenye mwanga. Madoa ya bluu na nyufa ndogondogo ni alama za joto. Ukipitisha ukucha juu ya uso wake ukanasa kwenye mifereji, ipeleke kwa wachonga vyuma waisawazishe. Paileti beringi, ile ndogo iliyoko katikati mwisho wa krenki, izungushe kwa kidole: ikikwaruza, ikigoma au ikicheza, itoe. Mafundi wengi huitoa kwa kujaza grisi kwenye tundu lake, kisha wanaingiza chuma cha mviringo kinachoenea vizuri na kukigonga. Grisi haina pa kutokea, kwa hiyo inaisukuma beringi nje kutoka nyuma. Ukitumia njia hiyo, futa grisi yote iliyobaki kabla ya kuweka mpya.

Kisha tafuta doweli mbili, zile pini fupi zinazokaa nyuma ya injini na kuisentia belihauzi. Wakati wa kushusha, moja huwa inabaki kwenye giaboksi au inaangukia mchangani. Giaboksi iliyofungwa bila doweli itakaa, boliti zitakaza, na gari litatembea, lakini shafti itakuwa imepinda kidogo dhidi ya krenki na beringi ya mbele haitadumu. Zisafishe kutu na uzipake oili kidogo. Angalia pia kama bati jembamba linalokaa kati ya injini na giaboksi liko mahali pake. Hilo ndilo husahaulika kuliko vyote, na hukumbukwa boliti zote zikiwa zimeshakazwa.

Vumbi la klachi ya zamani usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Pleti za miaka ya nyuma nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa.

Kufunga klachi

Osha uso wa flaiwili na uso wa presha pleti mpya, ile inayobana pleti ya klachi kwenye flaiwili, kwa dawa ya breki. Presha mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na yasipoondolewa klachi itatetema. Kuanzia hapo mikono yako iwe safi, na pleti uishike kwenye kingo.

Pleti ina upande. Kwa kawaida kitovu kinachochomoza na springi hutazama giaboksi, na nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili. Usiamini maandishi peke yake: ishikilie pleti kwenye flaiwili kwa mkono na uizungushe. Kama springi au kitovu kinagusa boliti za flaiwili, umegeuza. Ikifungwa hivyo klachi haitaachia, na gia hazitaingia injini ikiwa inawaka.

Ingiza chombo cha kusentia kupitia pleti mpaka kwenye paileti beringi, weka presha juu ya pini zake, na uanze boliti zote kwa vidole. Zikaze kwa msalaba, mzunguko nusu kila moja, kila moja na ile inayoitazama, ili presha ishuke sawasawa. Ukimaliza upande mmoja kwanza utaipinda. Kwenye Toyota za aina hii boliti hizo hukazwa nyutoni mita 19 tu, kwa hiyo usitumie mkono wa kufungulia matairi. Kabla ya kutoa chombo, kivute na kukirudisha mara kadhaa. Kikitembea bila kukwama, pleti iko katikati. Kikigoma, legeza boliti, sogeza pleti, kaza upya. Usiendelee na pleti iliyosentiwa kwa jicho tu, maana ndiyo itakayokukwamisha huko mbele.

Uma na rilizi beringi

Ndani ya belihauzi, toa uma, ule mkono unaosukuma rilizi beringi kwenye vidole vya presha ili klachi iachie, safisha kichwa cha mpira wa chuma ambao uma unauegemea, na uangalie kama kikombe cha uma hakijatoboka. Uma uliochakaa hapo hupiga kelele ambayo watu huidhania ni beringi. Paka grisi kidogo kwenye kichwa hicho, mahali uma unapogusa rilizi beringi, mahali unapogusana na fimbo ya silinda, na ndani ya kitovu cha beringi. Kwenye meno ya shafti paka utando mwembamba kabisa, kisha ingiza pleti ya zamani mara mbili tatu na ufute grisi yote iliyosukumwa nje. Grisi nyingi hapo hurushwa na mzunguko na kuangukia usoni mwa klachi.

Klipu za beringi na za uma zishike vizuri. Tikisa uma kwa nje: usichomoke, na beringi iteleze mbele na nyuma kwenye mrija wake. Beringi ikianguka ndani giaboksi ikiwa juu, unashusha tena.

Kupandisha

Giaboksi ya pikapu hii ina uzito unaokaribia mfuko wa saruji, tena haina mahali pazuri pa kushika. Usijaribu kuilaza kifuani na kuisukuma juu kama wafanyavyo vijana wa gereji. Funga plaiwudi juu ya jeki ya magurudumu, laza giaboksi juu yake, tafuta mahali inapobalansi, na uifunge kwa mkanda. Iburuze chini ya gari juu ya gunia au katoni ukiwa bado hujaipakia kwenye jeki, kama nafasi ni finyu.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi, hasa sakafu isipokuwa laini. Tundu la mkono wa gia kwenye sakafu ya kabini liko karibu juu ya giaboksi yenyewe. Laza bomba la chuma au boriti ngumu kabini, likiegemea kingo za milango miwili, pitisha mkanda imara kwenye tundu hilo na uizungushe giaboksi. Mkanda unabeba uzito, jeki inabaki kurekebisha pembe. Weka vitambaa kwenye kingo za milango ili rangi isikwaruzwe.

Sasa suala la pembe, ambalo ndilo siri ya kazi. Giaboksi ikiwa imetoka, injini haishikwi na kitu nyuma, hivyo huinama. Weka jeki ndogo chini ya karta, bakuli la oili chini ya injini, juu yake mbao ya kusambaza uzito, na uinue au ushushe taratibu. Uso wa nyuma wa injini na uso wa belihauzi ni lazima uwe sambamba: ukitazama kwa ubavu, pengo la juu na la chini liwe sawa, na ukitazama kutoka juu, la kushoto na la kulia vilevile. Usisukume kabla ya hapo.

Kuingiza

Funga pini zako mbili za kuongozea kwenye matundu ya injini, kushoto na kulia. Weka giaboksi kwenye gia ya nne kabla haijapanda, kwa kusogeza fimbo za ndani kupitia tundu la mkono wa gia, kisha uzibe tundu hilo kwa kitambaa safi. Ukiwa kwenye gia, unaweza kuzungusha shafti ya nyuma kwa mkono na shafti ya kuingilia nayo ikazunguka. Ukiwa kwenye nyutro huna namna ya kuzungusha meno yapate mahali pake. Nyuma, pale propela, shafti ndefu ya kwenda magurudumu ya nyuma, inapoingia, funga kipande cha plastiki kama bado kuna oili ndani.

Sukuma giaboksi mbele juu ya pini. Shafti itapita kwenye vidole vya presha, kisha utahisi meno yamegusa kitovu cha pleti. Hapo ndipo msaidizi anazungusha shafti ya nyuma taratibu huku wewe ukisukuma kwa nguvu ya kawaida. Meno yakikutana, giaboksi inatembea mbele ghafla na kusimama ikiwa imebaki kama sentimita mbili au tatu. Hiyo ni ncha ya shafti inayotafuta paileti beringi. Wengi wanaishia hapa.

Usisukume zaidi. Tazama mapengo upya. Pengo likiwa kubwa juu, mkia wa giaboksi uko chini mno: uinue. Likiwa kubwa chini, ushushe. Tofauti ya milimita chache inatosha kuzuia. Sogeza jeki kidogo, tikisa mkia kushoto na kulia, sukuma. Zikiwa sambamba, giaboksi inaingia yenyewe na kutoa mlio mzito mmoja wa doweli zikikaa. Ukiusikia utajua.

Isipoingia baada ya kusawazisha kila upande, irudishe nyuma na uangalie kwa tochi. Mara nyingi ni waya wa stata au wa swichi ya rivasi uliobanwa kati ya nyuso mbili, bati lililosogea, doweli yenye kutu, au pleti isiyo katikati. Kwa hiyo ya mwisho ipo dawa ndogo: kama silinda na uma vimeshaunganishwa, msaidizi akikanyaga klachi kidogo pleti inaachiwa na kujisentia kwenye shafti. Lakini hilo ni la kumalizia, si la kufunika klachi iliyofungwa ovyo.

Ukitaka kuthibitisha, pitisha kipande cha karatasi kuzunguka mwungano wote. Kisipopita popote, weka boliti.

Boliti na vilivyobaki

Anza mbili kwa vidole karibu na doweli, kisha zote, ukitoa pini za kuongozea. Za juu utazifikia kwa kushusha mkia wa giaboksi kidogo na kupitisha ekistensheni ndefu juu yake. Urefu wa boliti hautofautiani bure: fupi ikiwekwa pa ndefu itakata uzi. Zile zenye kichwa cha 17 zikaze kama nyutoni mita 72, za 14 kama 37, ila kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate chenyewe.

Kisha inua mkia, funga krosimemba, boriti inayobeba mkia huo, na mauntingi yake ya mpira, na hakikisha zimeshika kabla hujaondoa jeki wala mkanda. Mauntingi iliyopasuka ibadilishe hapohapo. Stata, waya wa ethi, swichi ya rivasi na kebo ya spidomita havina ugumu. Boliti ya kishikio cha ekzosi ikikosekana, bomba litagonga belihauzi na utahangaika kutafuta kelele.

Propela irudi kwa alama ulizochora wakati wa kutoa, flenji kwa flenji. Kama hukuchora, tazama krosi zote ziwe kwenye mstari mmoja, na uwe tayari kuigeuza nusu mzunguko likianza kutetema.

Silinda ya chini ya klachi, kama uliifungua bila kutoa bomba na kuining'iniza kwa waya, inarudi na boliti mbili bila kutoa upepo. Asikanyage mtu pedali kabla haijafungwa, maana pistoni itaruka nje. Kama bomba lilifunguliwa, jaza mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo chake na utoe upepo mpaka povu liishe.

Oili

Fungua boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza kisha ya kujazia ikakataa kufunguka, gari litakuwa limelala hapo. Hilux nyingi za aina hii zinatumia 75W-90. Kuhusu GL-4 na GL-5, ambayo ni madaraja ya oili ya gia, soma kitabu: baadhi ya giaboksi zinakubali zote, lakini kama kimetaja GL-4 pekee usilete GL-5, kwa kuwa viungo vyake vya salfa vinaweza kula madini ya shaba kwenye sinkronaiza, pete zinazolinganisha mwendo wa gia. Gari likiwa limekaa usawa, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, acha imalize kuchuruzika, funga.

Kujaribu

Injini ikiwa imezimwa, rudisha mkono wa gia: kofia yake inabanwa chini na kuzungushwa mpaka ishike. Pitia gia zote. Washa ukiwa nyutro, kanyaga klachi, subiri kidogo, weka rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikikwaruza, tafuta upepo kwenye mfumo au pleti iliyogeuzwa.

Sikiliza kelele. Inayotokea pedali ikiwa chini ni rilizi beringi au paileti. Inayokuwepo ukiwa nyutro na mguu juu, ikapotea ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia, ambayo iko ndani ya giaboksi na haihusiani na ufungaji wako.

Zunguka mtaani bila mzigo, rudi, ingia chini na tochi uangalie uvujaji kwenye sili za propela na boliti za oili. Kwa kilomita 500 hivi za mwanzo usibebe mchanga wala kokoto, na kwenye mwinuko lishikilie gari kwa hendibreki badala ya kulining'iniza kwa klachi.